Dampo, pampu na mtaro: hapa ndipo halmashauri inapopunguza gesijoto

Halmashauri nyingi huanza kazi ya tabianchi kwa kuandika mkakati. Kamati inaundwa, warsha inafanyika, madiwani wanapitisha waraka wenye jalada zuri, na siku ya uzinduzi inapandwa miti. Miaka mitatu baadaye bili ya umeme iko palepale, dampo linafuka moshi, na mtaa uleule unaingia maji kila mvua kubwa. Mara nyingi waraka wenyewe hauna kosa la kisayansi. Tatizo ni kuwa hakuna aliyekabidhiwa mita ya kusoma, hakuna fungu la kuzibua mtaro, na hakuna mtu aliyeajiriwa kugeuza mboji. Kazi hii hufanyika ndani ya idara za kawaida kabisa, na hufia humohumo zisipopewa watu na fedha za matunzo.

Mbele ya halmashauri, vyanzo vya gesijoto viko vya aina tatu. Kuna vilivyo vyake: majengo, magari, pampu za maji, taa za barabarani, dampo. Kuna vinavyopita mezani kwake kuomba kibali: ramani za ujenzi, mgawanyo wa viwanja, njia za mabasi. Na kuna visivyo mkononi mwake, kama magari ya watu binafsi na majiko ya nyumbani, ambavyo huvifikia kwa kuzunguka tu. Ukitoa dampo, kundi la kwanza huwa dogo katika jumla ya eneo zima. Hata hivyo ndilo la kuanza nalo, kwa sababu hakuna wa kuombwa ruhusa. Kundi la pili lifanyiwe kazi sambamba, kwa sheria ndogo, maana nyumba inayojengwa vibaya leo itasimama miaka hamsini.

Hesabu isiyochukua mwaka mzima

Mwongozo unaotumika zaidi duniani kuhesabu gesijoto ya miji na wilaya unajulikana kwa kifupi GPC, na ulitolewa mwaka 2014. Unagawa gesijoto katika ngazi tatu: inayotoka ndani ya mipaka yenu, inayotokana na umeme mnaoutumia hata kama umezalishwa mbali, na inayotoka nje kwa sababu ya shughuli zenu. Ngazi ya tatu ndiyo inayowaumbua wengi. Halmashauri inayosafirisha taka zake kwenda kuzikwa wilaya jirani inaonekana safi kwenye ngazi ya kwanza, wakati methani ya taka zake inapaa kwa jirani. Mwongozo unataka taka hizo zihesabiwe kwa aliyezizalisha.

Kwa mali za halmashauri, takwimu zinazohitajika ziko kwa mhasibu. Chukua bili za umeme za miezi 12 iliyopita, zipange kwa namba ya mita wala si kwa jina la jengo, kisha mtu aende kwa miguu kwenye kila mita akaandike namba na tarakimu anazoziona. Katika zoezi hilo hugundulika mita za majengo yaliyokwisha kubomolewa, mita mbili zinazolipiwa kwa jengo moja, na bili zilizokadiriwa miezi mingi mfululizo bila mita kusomwa. Andika uniti, usiandike fedha. Bei ya umeme ikipanda, matumizi yanaweza kushuka na malipo yakaongezeka, na mradi mzuri ukaonekana umeshindwa.

Kwa mafuta, andika lita. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68 hivi za kaboni dioksidi, na ya petroli kilo 2.3 hivi. Madiwani huuliza lita isiyofika hata kilo moja inatoaje uzito huo, na ni swali zuri. Kaboni iliyomo kwenye mafuta inaungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzito.

Miezi mitatu inatosha kupata picha ya kufanyia kazi. Anayetumia miaka miwili kusafisha takwimu kabla ya kubadilisha hata taa moja anaikimbia kazi yenyewe.

Dampo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na faida kubwa kuliko mahali pengine pengi, na ndipo makosa ya nia njema yanapotokea.

Mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa, vijidudu huyageuza kuwa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani. Methani hukaa angani miaka 12 hivi, lakini katika kipindi cha miaka 100 kilo yake moja huongeza joto kama kilo 28 za kaboni dioksidi, na katika miaka 20 ni zaidi ya kilo 80. Kwa viwango vya kawaida vya hesabu vya mwaka 2006 vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, tani moja ya mabaki ya chakula katika dampo lililoshindiliwa vizuri huzalisha kilo 50 hivi za methani. Hiyo ni sawa na tani 1.4 za kaboni dioksidi, yaani kama kuchoma lita 520 za dizeli. Halmashauri inayobana safari za magari yake huku tani kadhaa za chakula zikizikwa kila siku imekamata upande mdogo wa hesabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo waandishi wa mikakati hulisahau. Katika hesabu za IPCC, dampo la wazi lisilosimamiwa, lenye kina cha chini ya mita 5, hupewa kizidisho cha methani cha 0.4, kwa sababu hewa inapenya na sehemu ya taka huoza bila kutoa methani. Lenye kina cha mita 5 na zaidi hupewa 0.8. Dampo la kisasa, lenye kushindiliwa na kufunikwa, hupewa 1.0. Maana yake ni kwamba ukiboresha dampo ovyo kuwa dampo la kisasa bila kuweka mabomba ya kukusanya gesi, nzi wanapungua, moto unapungua, maji ya chini ya ardhi yanapona, na methani inaongezeka. Sisemi tuyaache madampo ya wazi. Moshi wake na maji yake machafu huua watu. Nasema bajeti ya kushindilia na kufunika ije pamoja na bajeti ya visima vya gesi, au kitangulie kilicho bora zaidi: kuzuia taka za kuoza zisifike kabisa dampo.

Njia ya kuzizuia ni mboji, na kwa wilaya ya kawaida haihitaji mitambo ya ajabu. Anzeni na wazalishaji wakubwa ambao taka zao hazijachanganyika: masoko, shule za bweni, hoteli, watunza bustani. Ukianza na majumbani kabla ya watu kuzoea kutenganisha, utaletewa mboji yenye vipande vya chupa na betri, na mkulima akishaipata hiyo mara moja harudi tena.

Taka mbichi huchanganywa na kavu, yaani matawi yaliyokatwakatwa, majani makavu au maranda, sehemu mbili hadi tatu za kavu kwa moja ya mbichi, kwa ujazo. Lengo ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja. Mchanganyiko hulazwa kwenye tuta lenye kimo cha mita 1.5 hivi na upana wa mita 3 chini. Unyevu unaofaa ni asilimia 50 hadi 60, na kipimo cha mkononi kinatosha: kamua konzi moja kwa nguvu, yatoke matone machache tu. Maji yakichuruzika, umezidisha. Konzi ikimeguka vumbi, ongeza maji. Kipimajoto chenye fimbo ndefu kichomekwe katikati ya tuta kila siku. Kwa matuta ya wazi, kanuni inayokubalika ya kuua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, tuta likigeuzwa si chini ya mara tano ndani ya siku hizo. Baada ya hapo mboji iachwe ipoe na kukomaa wiki kadhaa.

Pua ndiyo msimamizi wa kwanza. Harufu ya mkojo mkali ni amonia: nitrojeni imezidi, ongeza kavu. Harufu ya mayai viza ni ukosefu wa hewa: tuta limelowa au limeshikana, ligeuze leo, usingoje kesho, kwa maana tuta lililokosa hewa linaanza kutoa methani ileile uliyoikimbia. Likisimamiwa vizuri, hesabu za IPCC zinakadiria kilo 4 hivi za methani kwa tani moja ya taka, badala ya zile 50.

Kinachoua miradi mingi ya mboji ni soko. Tani zinarundikana, eneo linajaa, malori yanarudi dampo. Kabla ya kujenga sakafu ya zege, jueni nani atachukua mboji, kwa gunia au kwa lori, na msimu gani. Idara ya bustani na ile ya barabara, inayopanda nyasi kwenye kingo, ziwe wateja wa kwanza kwa maandishi.

Pampu na taa

Pale ambapo halmashauri inaendesha maji yake, bili kubwa ya umeme mara nyingi iko kwenye pampu, na watu hawaioni kwa sababu chumba cha pampu kiko mbali na ofisi. Kuna hesabu moja kila fundi wa maji anapaswa kuwa nayo ukutani. Chukua kimo ambacho maji yanapandishwa kwa mita, jumlisha na kinachopotea kwa msuguano wa bomba, gawanya kwa 367, kisha gawanya kwa ufanisi wa pampu na mota. Jibu ni uniti za umeme kwa mita moja ya ujazo. Kwa kimo cha mita 50 na ufanisi wa asilimia 70, ni uniti 0.19 hivi. Pampu ileile ikichakaa hadi asilimia 45, ni 0.30. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu, na maji yanayotoka bombani ni yaleyale, kwa hiyo hakuna mwananchi atakayelalamika.

Ingia chumbani utazame. Valvu ya kutokea maji imefungwa nusu, gurudumu lake limeshika kutu, na mota inaunguruma kwa nguvu zote. Pampu iliyonunuliwa kubwa kupita mahitaji ndivyo inavyotulizwa: inabanwa koo, na umeme unaishia kwenye valvu kama joto na kelele. Dawa yake ni kubadilisha pampu, kupunguza kipenyo cha panga zake, au kufunga kifaa cha kubadili kasi ya mota. Kifaa hiki kina sifa kubwa, kwa sababu nguvu inayohitajika hushuka kwa mchemraba wa kasi: kasi ya asilimia 80 hutaka karibu asilimia 51 tu ya nguvu. Wauzaji hutaja namba hiyo kila mara. Wasilolitaja ni kwamba inatimia pale ambapo kazi kubwa ya pampu ni kushinda msuguano. Kama kazi kubwa ni kupandisha maji kilimani, ukishusha kasi kupita kiwango fulani maji hayafiki juu kabisa, pampu inazunguka bure na kupata moto.

Kila mita ya ujazo inayovuja imeshakula umeme wake. Pima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala. Kinachopita kwenye mita ya eneo muda huo, ukitoa matumizi machache ya kweli, ni uvujaji. Kabla ya kuchimba barabara, punguza presha ya usiku kwa valvu ya kupunguza presha. Kwa makadirio ya kawaida, presha ikishuka kwa asilimia 10, uvujaji hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho, na mabomba yanapasuka mara chache zaidi.

Taa za barabarani ni rahisi kuliko yote hayo. Taa ya sodiamu ya wati 250, pamoja na balasti yake, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wake, hula kama wati 280. Ya LED ya wati 110 hivi huifanya kazi hiyohiyo. Kwa saa 12 za usiku, mwaka mzima, tofauti ni uniti karibu 745 kwa taa moja. Ila zabuni isiandike wati peke yake. Idai mwanga upimwe barabarani, rangi ya mwanga isizidi kelvini 3000, yaani iwe na umanjano, na kinga ya taa dhidi ya miruko ya ghafla ya umeme ya kilovolti 10. Kinachokufa kwanza ndani ya taa ya LED kwa kawaida ni kifaa kinachoilisha umeme, hivyo dhamana ikitaje kwa jina, na taa ifunguke ili fundi akibadilishe bila kutupa taa nzima.

Maji ya mvua

Hewa iliyoongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvua fupi na kali ndizo zinazoongezeka nguvu, na mifereji mingi ilichorwa kwa kumbukumbu za mvua za zamani. Copenhagen ilijifunza hilo tarehe 2 Julai 2011, zaidi ya milimita 100 ziliposhuka ndani ya saa chache. Mwaka uliofuata ikawa na mpango maalumu wa mvua za ghafla, unaotumia barabara na bustani kama njia na hifadhi ya maji, kwa kuwa kupanua mabomba peke yake kungegharimu zaidi.

Hesabu ya kwanza ya mhandisi ni fupi: kizidisho cha ardhi (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama), mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Hekta 10 zenye nyasi na bustani, kizidisho 0.3, mvua ya milimita 60 kwa saa, zinaleta mita 0.5 za ujazo kwa sekunde. Hekta hizohizo zikijengwa na kuwekwa lami, kizidisho kikafika 0.7, zinaleta karibu 1.17. Mvua haijabadilika hata tone. Ndiyo maana kibali cha ujenzi ni chombo cha kuzuia mafuriko: sheria ndogo inaweza kudai kila kiwanja kipya kishike milimita 25 za kwanza ndani ya mpaka wake, kwa tangi, shimo la kokoto au bustani iliyoinama. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, basi paa la mita 200 za mraba linatakiwa kushika lita 5,000. Mkaguzi aende kuangalia tangi kabla ya kutoa hati ya kuhamia, si baadaye.

Watu hupotoshwa na maneno "mvua ya miaka 100". Si mvua inayokuja mara moja kwa karne. Ina uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 30 uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni asilimia 26. Zahanati iliyoko bondeni na yenye deni la ujenzi la miaka 30 ihesabu hivyo.

Hata hivyo, mtaro uliopo na uliozibuliwa una thamani kuliko mpya uliojaa tope. Karavati la duara likijaa mchanga hadi nusu ya kimo chake, halibaki na nusu ya uwezo. Linabaki na kidogo zaidi ya theluthi, kwa sababu maji yanasuguana na kuta nyingi kwa nafasi ndogo. Uzibuaji ukamilike wiki chache kabla ya msimu wa mvua, na kuna jambo moja la kusimamia kwa ukali: tope linalotolewa liondoke eneo hilo ndani ya siku moja au mbili. Ni kawaida kukuta limerundikwa ukingoni mwa mtaro, mkandarasi ameshalipwa kwa mita alizosafisha, na mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Lipa kwa mita za ujazo zilizopokelewa dampo, kwa stakabadhi. Wavu wa nondo mdomoni mwa karavati uwekwe kwa kuinama, ili taka zipande juu maji yanapojaa, na pale tu ambapo kuna mtu wa kuusafisha wakati mvua inanyesha. Wavu usio na mtu ni lango la mafuriko.

Njia zenye matofali yanayopitisha maji nazo hushindwa kwa sababu moja kuu: zimewekwa chini ya mteremko wenye udongo mtupu, na vitundu vinaziba. Panda nyasi juu kwanza.

Miti na joto

Miti inafaa sana, ila kwa sababu ya kivuli na udongo kuliko kwa hesabu ya kaboni. Mti uliokomaa hukadiriwa kufyonza kilo 20 hivi za kaboni dioksidi kwa mwaka, hivyo miti 1,000 ni tani 20, sawa na kuzuia tani 14 hivi za mabaki ya chakula zisizikwe. Ipandwe palipo na vituo vya basi, viwanja vya shule na njia za waendao kwa miguu. Kwa mchanganyiko, kanuni ya mwaka 1990 ya Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, bado inafaa: spishi moja ya mti isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) asilimia 20, familia moja asilimia 30, ili mdudu mmoja asimalize kivuli cha mji. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mzizi lakini lisiwe na kina zaidi yake. Mti uliozamishwa huoza shingo. Na ununuzi wa miche usiidhinishwe bila mstari wa bajeti wa kumwagilia kwa miaka miwili au mitatu.

Kwa joto lenyewe, Ahmedabad nchini India ilianzisha mpango wake mwaka 2013, baada ya wimbi la joto la Mei 2010 kuua watu wengi. Mambo yake makuu ni ya kiofisi: utabiri unaofika kwa mtu maalumu, viwango vya tahadhari vyenye rangi, wahudumu wa afya waliofundishwa dalili, sehemu za kunywea maji. Paa jeupe la kuakisi linaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 20 pungufu ya paa jeusi chini ya jua kali, lakini vumbi hulidhoofisha, kwa hiyo lioshwe kila mwaka.

Fedha na watu

Akiba ya taa na pampu ikirudi kwenye mfuko mkuu, mradi wa pili hautakuwapo. Baraza lipitishe azimio kwamba sehemu ya akiba, iliyopimwa kwa uniti dhidi ya miezi 12 ya mwanzo, inaingia kwenye akaunti yake na kugharamia hatua inayofuata. Kazi ziandikwe kwenye maelezo ya ajira ya mhandisi wa maji, ofisa usafi na ofisa mipango, kwa sababu ofisa mmoja wa tabianchi asiye na bajeti hawezi kuamuru valvu ifunguliwe.

Kabla ya kila msimu wa mvua, mtu mmoja apitie vituo vyote muhimu akiwa na ramani ya mafuriko: swichi ya chumba cha pampu iko juu ya alama ya maji au chini yake, jenereta ya zahanati iko wapi, barabara gani gari la wagonjwa litapita daraja likifungwa. Siku hiyohiyo apige kila namba kwenye orodha ya tahadhari ya wenyeviti wa mitaa, kwani watu huhama na laini hubadilishwa, na namba isiyopokelewa ipatiwe mbadala kabla hajafunga daftari.